Tunatafuta mwanafunzi wa PhD wa roboti huku Arusha, mara ya kwanza tulichagua vibaya

Mwalimu_wa_Mota

Wakuu habari za jioni. Nafundisha chuo kimoja huku Arusha na nna maabara ndogo ya roboti. Tumepata hela ya mwanafunzi mmoja wa PhD, mmoja tu, miaka mitatu, na hili jambo linaniumiza kichwa tangu mwezi uliopita ndo maana nalileta hapa.

Mradi wenyewe ni roboti ndogo ya magurudumu manne inayotakiwa itembee ndani ya kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga), kati ya migomba na kahawa, iangalie ugonjwa wa kutu ya majani ya kahawa. Wengi wananiuliza kwanini nisirushe droni nikamaliza kazi. Sasa kahawa ya kule juu Kibosho, Kilimanjaro, imefunikwa na migomba, droni inaona majani ya mgomba basi, halafu ule unga wa rangi ya chungwa wa kutu unakaa upande wa chini wa jani la kahawa, lazima kamera iwe chini iangalie juu. Na humo ndani GPS inayumba sana kwa sababu anga limezibwa, kwahiyo roboti ijijue yenyewe ipo wapi kwa kamera na sensa ya leza, huku inachora ramani ya sehemu ambayo haijawahi kufika. Hapo ndo penye PhD.

Mara ya kwanza tulimchukua mwenye GPA kubwa kuliko wote. Kijana mzuri, ana adabu, ila siku ya kwanza shambani roboti ilikwama akasimama pembeni anasubiri fundi aje. Baada ya miezi 8 akapata kazi Dar akaondoka. Simlaumu hata kidogo, sisi ndo hatukujua tunatafuta nini. Safari hii nna maombi 20 na kitu mezani na sivii zote zinafanana, Python, akili mnemba, vyeti vya kozi za mtandaoni. Mtu wa kazi hii anapimwaje? Na wale wazuri wako wapi, maana nahisi tangazo letu hawajaliona kabisa.

Binti_Sakina

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa PhD, yangu ni ya maji sio ya roboti, ila naomba niseme kitu ambacho kwenye matangazo huwa hakisemwi, nacho ni hela. Mkiandika "posho itatolewa kwa kufuata taratibu" mmeshafukuza nusu ya watu mnaowataka. Anayeomba PhD sio mtoto aliyemaliza form six jana, ni mtu wa miaka 30 na kitu, ana familia, ana ada za watoto, mara nyingi ni mhadhiri msaidizi sehemu na lazima aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake. Huyo hawezi kumwambia mwenzie nyumbani tunahamia Arusha halafu akiulizwa shilingi ngapi kwa mwezi anyamaze.

Sehemu niliyoanzia mimi (siitaji) posho ilikaa miezi 5 haijaingia, nikawa nauza vitenge kwenye simu usiku huku mchana napima fluoraidi. Niliendelea kwa sababu msimamizi wangu alikuwa mkweli, aliniita akaniambia hela imekwama wapi na nani anaifuatilia. Kwahiyo andikeni kiasi, andikeni inaingia tarehe ngapi, na nani anamnunulia vifaa, maana kuna watu wanaoamini mwanafunzi atanunua betri kwa posho yake.

Kuhusu wako wapi, wako kazini. Wahadhiri wasaidizi wa vyuo kama DIT, wa MUST Mbeya, wa Chuo cha Ufundi hapo hapo mjini kwenu, UDOM, UDSM. Waandikie wakuu wa idara na upige simu, usisubiri watu wafungue tovuti ya chuo.

Fundi_wa_Majengo

Naandika kutoka Moshi. Mimi sina PhD, natengeneza mbao za saketi na mota, na nimewahi kusaidia wanafunzi wa mradi kama huo kwenye kihamba cha mama mkubwa. Mwalimu nakuomba kitu kimoja, intavyuu usifanyie ofisini.

Ngoja nikwambie nilichokiona. Ilikuwa masika, udongo wa juu huku unateleza kama sabuni, roboti inaelekea kushoto kila wakiiwasha. Mwanafunzi mmoja alikaa wiki mbili anabadilisha namba kwenye programu, anapunguza huku anaongeza kule, usiku halali. Nilipokuja kushika waya wa enkoda (sensa inayohesabu mizunguko) ya gurudumu la kulia nikaukuta umelegea pale kwenye soketi, ukiutikisa unashika, ukiuacha unaachia. Wiki mbili za mtu! Tukaubana, tukaweka gundi, ikaenda sawa mpaka ilipofika kwenye mfongo (mfereji wa maji) ikatumbukia, lakini hilo ni lingine.

Na hata waya ukiwa mzima bado tope linadanganya. Gurudumu linazunguka palepale, enkoda inahesabu, kompyuta inaamini imesogea mita moja kumbe haijatoka. Sasa mtu wako akiona hivo anafanya nini? Anashika waya kwanza au anafungua laptopu kwanza? Anauliza swali gani? Mpe roboti ambayo umeiharibu makusudi mwenyewe, kitu kimoja tu, mpe nusu siku na multimita, wewe kaa kimya uangalie. Sio lazima aipate, angalia anavyotafuta.

Mzee_wa_Usa

Fundi nakubaliana na wewe nusu. Nimesimamia wanafunzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeona pia mikono mizuri ikishindwa PhD. Kutengeneza roboti itembee ni kazi ya uhandisi na ni kazi ya heshima, ila mwisho wa siku anatakiwa alete jibu la swali ambalo halijajibiwa, aliandike, na asimame alitetee mbele ya watu wasiomuonea huruma. Hilo tope la Fundi ni mfano mzuri sana. Enkoda inasema hivi, kamera inasema vile, jairo (sensa ya kugeuka) inasema kingine, umuamini nani na kwa kiasi gani? Mhandisi Kalman aliandika hesabu zake za mambo hayo mwaka 1960 na mpaka leo ndo zinatumika, mwanafunzi asiyeziogopa atafika mbali, na anayezibonyeza tu kwenye programu bila kujua ndani kuna nini atakwama mwaka wa pili, mwaka ambao msimamizi naye hana majibu.

Mimi ningempa makala moja wiki mbili kabla, fupi, halafu nimuulize ni wapi mwandishi kakosea au kakwepa. Na mwalimu, mruhusu aeleze kwa Kiswahili. Tasnifu ataandika Kiingereza hilo halina mjadala, lakini nimeona watu wakijificha nyuma ya maneno makubwa ya Kiingereza nusu saa nzima, ukiwaambia haya nieleze kama unamweleza mwenye shamba, wanakauka. Na nimeona dada mmoja mkimya sana, panelini walishamkata, nikamwomba arudie kwa Kiswahili, akaichora hoja yote ubaoni na kumbe alikuwa ameona kosa kwenye proposali yetu wenyewe. Alimaliza kabla ya wote.

Binti_Sakina

Mzee asante kwa hilo la Kiswahili, limenigusa. Niongeze kwamba tangazo liseme wazi shamba liko wapi, wanalala wapi wakichelewa, na usafiri wa nani. Mwanamke anasoma "kazi za shambani" anaanza kujiuliza peke yake na jibu asipolipata haombi.

Mwalimu_wa_Mota

Nimesoma yote mara mbili na leo nimekaa na wenzangu. Tangazo tumeliondoa, tunaliandika upya, posho kwa shilingi na tarehe, vifaa ni juu ya maabara, gari la mradi linawapeleka Kibosho na kuwarudisha. Kesho naanza kupiga simu kwenye idara. Tutawaita watu 5, kila mmoja siku mbili, nauli na malazi juu yetu: siku ya kwanza roboti iliyoharibiwa, ya pili makala ubaoni kwa lugha anayotaka.

Yule mama mwenye kihamba tunachofanyia kazi nimemuomba naye awepo siku ya kwanza. Anaijua ile roboti kuliko baadhi yetu, mara ya mwisho ndo yeye aliyetwambia ikisikika inakoroma ujue tairi la nyuma limeshika magugu.

Fundi, unaweza kupanda siku hiyo uje uniharibie roboti? Nikiharibu mwenyewe nitaharibu kitu ninachokijua.

Fundi_wa_Majengo

Nakuja. Niambie tu enkoda ni za aina gani na betri ni volti ngapi, nisije nikaiharibu kweli.