Amenifungia dinamo kwenye gari lisilo na dinamo, halafu ananiambia "haionekani kwa macho"

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Naandika nikiwa nimeegesha kituo cha mafuta, maana nikiendesha na hasira hizi nitagonga mtu.

Simtaji jina huyo fundi wangu wa magari. Hana haja ya kutajwa. Nikisema tu yule wa kona, chini ya mwarobaini, mwenye ovaroli ya bluu ambayo haijaonana na sabuni tangu awamu ya tatu, nusu ya Dar imeshamjua na nusu nyingine inamdai.

"Haionekani kwa macho." Hilo ndilo jibu nililopewa mimi, mtu mzima, baba wa watoto wawili, mbele ya vijana wake wanne na mama anayeuza chapati.

Gari ni Prius ya 2010, haibridi, yaani linatumia injini ya petroli na mota za umeme. Wiki iliyopita asubuhi nabonyeza kitufe, dashibodi inawaka taa zote kama ukumbi wa harusi, pembetatu nyekundu katikati, neno READY, la kuonyesha gari liko tayari kuondoka, haliji. Nikampigia simu. Akaja na kijana na nyaya za kubustia, gari likawaka. Akainamisha sikio kwenye injini kama daktari wa moyo, akafumba macho, akatoa hukumu: "Bosi, dinamo imekufa. Haichaji." Dinamo 350,000, ufundi 80,000. Nikamwachia gari kutwa nzima. Jioni nikakabidhiwa gari linawaka, pamoja na dinamo "ya zamani" iliyofungwa kwenye gazeti, nyeusi tii, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Akaniambia niende nayo ili nisije nikasema ameniibia. Uaminifu wa hali ya juu! Nikaiweka kwenye buti.

Nimezunguka nayo siku tisa.

Jana gari likagoma tena. Nikaenda kwa kijana mmoja wa Tegeta anayeshika haibridi tu. Akafungua boneti, akaniuliza, "Kaka, umesema walikufungia nini?" Nikamwambia dinamo. Akanyamaza. Akauliza tena. Nikarudia. Akamwita mwenzake aje asikie kwa masikio yake.

Wakuu, Prius haina dinamo. HAINA. Stata haina, dinamo haina, na hii ya kizazi cha tatu haina hata mkanda mmoja kwenye injini. Pampu ya maji ni ya umeme, kompresa ya AC ni ya umeme, usukani ni wa umeme. Ndani ya gia boksi kuna mota mbili, na moja kati ya hizo ndiyo inayowasha injini na ndiyo inayofua umeme injini ikizunguka. Umeme unaingia kwenye betri kubwa, ile ya vipande 28 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla volti 201.6. Kisha kuna konveta ndani ya inveta (kifaa kinachobadilisha umeme kati ya betri kubwa na mota) inayoushusha hadi volti 14 hivi ili kuchaji betri ndogo ya volti 12. Sasa hiyo betri ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta za gari. Ikichoka, betri kubwa hata iwe nzima vipi, READY hupati.

Betri ndogo ndiyo iliyokuwa imekufa. Basi. Na unajua inakaa wapi? Kwenye buti, pembeni kulia, chini ya kifuniko. Dinamo yake nilikuwa nimeilaza juu yake siku zote tisa!

Kijana wa Tegeta alitumia mita ya kawaida ile ya mafundi umeme. Gari limezimwa, betri ndogo volti 10 na ushee. Kabustia, READY imekuja, akapima tena: 14. "Unaona? Gari linachaji vizuri, ila betri haishiki." Dakika tano. Hakufumba macho.

Basi leo nimerudi kule kwenye mwarobaini na risiti yangu, ile ya karatasi ya daftari. Nikamwambia kwa upole, nawaapia kwa upole, "Fundi, nionyeshe dinamo uliyonifungia." Akafungua boneti. Akainama kushoto. Akainama kulia. Akachungulia kama mtu anayetafuta kuku aliyeingia uvunguni. Akajifuta mikono, akanitazama machoni, akasema: "Bosi, dinamo ya haibridi haionekani kwa macho."

Na wale vijana wanne wakatikisa vichwa kukubali! Mmoja akaongeza, "Iko ndani kabisa." Mama chapati naye, "Mwanangu, msikilize fundi."

Sasa naomba mnisaidie. Hiyo isiyoonekana inazungushwa na nini, mkanda haupo? Inazungushwa na dua? Na hii inayoonekana, iliyoko kwenye buti langu, ni ya nani? Maana kuna mtu mjini hapa anatembelea Corolla isiyochaji na hajui kwa nini.

Na bado sijasema kwamba nilimkuta kijana wake anavuta zile nyaya za rangi ya chungwa kwa koleo. Zile ni njia za umeme wa betri kubwa, na inveta huupandisha hadi volti 650. Wenye kazi yao huchomoa kwanza plagi ya usalama iliyo kwenye betri, wanasubiri dakika 10 umeme uliobaki uishe, na glavu za mpira mkononi. Yeye ana koleo na kandambili.

430,000. Haionekani kwa macho. Nitaenda na hii kauli mpaka kaburini.

---

Kitasa cha Mlango
Nimewahi siti. Ngoja waje wajuvi.

Mzee wa Breki
Mtoa mada, kwa hiyo ulilipa 430,000 na siku tisa hukufungua boneti hata mara moja kuangalia dinamo mpya inavyong'aa? Hilo ndilo changa la macho lenyewe. Hata jina linafanana.

Binti Kigamboni
Namjua huyo. Ovaroli ya bluu, meno ya dhahabu mawili. Aqua yangu, haibridi pia, inataka mafuta ya injini ya 0W-20, mepesi kama maji. Yeye akanijazia 20W-50, akasema "nimekuwekea mazito, yana nguvu." Gari likawa linaamka asubuhi kama bibi mwenye magoti mabovu.

Kona Kali
Kitaalamu fundi hajakosea. Kama mota inayofua umeme iko ndani ya gia boksi, basi kweli haionekani kwa macho. Mtoa mada omba radhi.

Mtoa mada
@Kona Kali wewe ni mmoja wa wale vijana wanne, sema ukweli. Aliifikia hiyo ya ndani saa ngapi? Aliteremsha gia boksi zima chini ya mwarobaini, akalipasua, akalirudisha kabla ya magharibi, mafuta ya gia hata tone halikumwagika? Na iliyotoka ndani ya gia boksi ndiyo hii yenye puli ya mkanda?

Kona Kali
Nimeuliza tu mkuu, tuliza mshono.

Dereva wa Usiku
Mimi naendesha teksi ya mtandao, Prius pia, kilomita 200 kwa siku. Wenzangu wanakufa na betri kubwa kwa kitu kimoja: matundu ya hewa pembeni ya kiti cha nyuma. Pale feni inavuta hewa ya kupoza betri. Abiria anaweka begi, anaweka koti, anaweka mkungu wa ndizi, betri inakosa pumzi. Na vumbi la hizi barabara zetu linajaa kwenye feni mpaka linakuwa kama sufi. Mimi nalifungua na kulisafisha kila nikifanya sevisi. Namshukuru Mungu betri haijanisumbua. Halafu AC washa, usiwe bahili, maana betri inapumua hewa hiyohiyo unayopumua wewe.

Mtoa mada
Asante sana mkuu. Kesho nasafisha. Ila turudi kwenye dinamo.

Msafiri wa Nyanda
Nyie wa vigari vya betri mnalilia laki nne. Mimi nina Mjerumani. Taa ya injini iliwaka, nikapeleka kwa fundi, nikarudi jioni taa imezimika, nikalipa kwa furaha. Miezi miwili natembea kwa amani. Naingia mbuga ya Mikumi, gari linachemka, moshi mweupe, nimesimama katikati ya pundamilia na kushuka hairuhusiwi. Kumbe jamaa alichomoa balbu ya taa. BALBU. Na kwenye rejeta alikuwa amejaza maji ya bomba badala ya kulanti, ile dawa ya kupoza injini.

Mzee wa Breki
😂😂😂 balbu! Huyu ameshinda. Mtoa mada funga uzi.

Mtoa mada
Balbu angalau ilikuwepo! Mimi nimefungiwa kitu ambacho hakipo!

Shangazi wa Oysterbay
Nasikitika na nyinyi wote lakini hamjamiliki jipu la Kiingereza lenye maputo ya hewa badala ya springi. Asubuhi nalikuta limelala nyuma kama ngamia. Fundi akabadilisha kompresa ya maputo. Mwezi mmoja, imeungua. Akabadilisha ya pili. Imeungua. Hela niliyotoa ningejenga choo cha kisasa kijijini. Siku moja mtoto wa jirani akapaka povu la sabuni kwenye puto la nyuma kushoto, mapovu yakaanza kutoka. Lilikuwa linavuja muda wote! Kompresa inafanya kazi usiku na mchana kujaza kitu kinachovuja, itaachaje kuungua? Mtoto wa darasa la sita ndiye aliyegundua.

Msafiri wa Nyanda
Shangazi si wangekutolea maputo wakaweka springi za kawaida? Wengi wanafanya hivyo.

Shangazi wa Oysterbay
Nikikalia springi za kawaida kwa nini sikununua pikapu? Nimelilipia lile gari linibebe kama mtoto mgongoni. Springi hapana.

Mwana wa Kisauni
Poleni ndugu zetu, nawaandikia kutoka Mombasa. Ati haionekani kwa macho! Wallahi huku kwetu naye yuko, lazima ni ndugu yake. Sisi serikali hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, tunaleta vijana, na bado makanika anawazeesha kwa wiki. Mimi fundi wa AC alitia mafuta ya kawaida kwenye kompresa ya haibridi. Ile kompresa mota yake inaogelea ndani ya mafuta hayohayo na inatumia umeme wa betri kubwa, kwa hiyo inataka mafuta yake maalumu yasiyopitisha umeme, kopo limeandikwa ND-11. Yeye akatia ya matatu, zile daladala zetu. Gari likalia kwamba umeme unavuja, likagoma. Nikalala na joto la Machi miezi mitatu.

Binti Kigamboni
Joto la Machi Mombasa bila AC ni adhabu kabisa. Pole kaka.

Mtoa mada
Poleni wote. Lakini jamani mmemsikia vizuri? Hakusema "sijui". Hakusema "nimekosea, chukua nusu". Alinitazama MACHONI akasema haionekani kwa macho.

Mzee wa Breki
Tumekusikia mkuu, hii ni mara ya nane.

Dereva wa Usiku
Kuna jambo moja mtoa mada umeligusa ukapita. Kubustia. Prius ina sehemu yake ya kubustia mbele, ndani ya boksi la fyuzi, ina kifuniko chekundu. Hakikisheni chanya na hasi wenyewe, msimwachie kijana. Ukigeuza nyaya unaweza kuua inveta, na bei ya hiyo utatamani dinamo isiyoonekana. Na usikubali kumbustia mwenye lori kwa betri yako, ile ni ndogo, kazi yake ni kuamsha kompyuta tu.

Kitasa cha Mlango
Mimi hasira zangu ni hawa wa kuosha magari. Umeomba waoshe nje, wanafungua boneti na kupiga mtutu wa maji kwenye injini. Kwa nini? Nani aliwatuma?

Shangazi wa Oysterbay
Na wanapaka dashibodi mafuta, ukipanda unateleza kama samaki!

Msafiri wa Nyanda
Na redio. Unaacha habari, unarudi unakuta singeli, sauti mwisho.

Binti Kigamboni
Na kiti! Wanarudisha kiti nyuma mpaka miguu yangu haifiki breki. Kijana wa kuosha gari anarudisha kiti nyuma ili afanye nini, analala?

Kona Kali
Analala ndiyo. Mimi niliwahi kuosha, tulikuwa tunalala.

Mwana wa Kisauni
Hahaha huyu Kona Kali kila uzi ana hatia yake.

Mtoa mada
Wakuu, naomba ushauri wa maana. Nirudi kesho na hii dinamo niimwekee mezani anirudishie hela yangu, au niende serikali ya mtaa? Ninayo bado kwenye buti.

Kitasa cha Mlango
Kuna anayejua bampa la mbele la Crown linapatikana kwa ngapi? La kawaida, si la Athlete.

Msafiri wa Nyanda
@Kitasa cha Mlango njoo inboksi, nina la fedha, lina mkwaruzo kidogo.

Spea Bei Chee
Mtoa mada hiyo dinamo ya kwenye buti ni ya injini gani? Piga picha upande wa plagi. Kama inazunguka nakupa 60,000, nina mteja wa Corolla hapa gari lake limeacha kuchaji tangu wiki iliyopita.