Tupeane uzoefu: komisionere (dalali wa nyumba na viwanja) akikutaka usaini kwamba utanunua kupitia kwake peke yake

Mwana wa Katuba (Lubumbashi, Kongo)
Jambo yenu wote. Natafuta lupango, yaani kiwanja, upande wa Kampemba. Komisionere ameniletea karatasi: mwaka mzima nisinunue kupitia mtu mwingine, na nikinunua kwingine, asilimia yake nimpe hivyo hivyo. Simchukii, mtu anazunguka na jua la mwezi wa kumi, naye ana watoto. Lakini mwaka mzima? Waliopitia hapo waseme.

Mama wa Kadutu (Bukavu)
Sisi karatasi yetu haikuwa na tarehe ya mwisho kabisa. Tulikuwa tunatafuta Nguba, hatukupata. Baadaye shemeji akatuuzia nyumba yake ya Panzi, nyumba ambayo yule baba hata mlango wake haujui. Tulipoanza kuhamisha vitu, huyu hapa na karatasi mkononi, anadai asilimia yake. Tukaenda kwa chifu wa kartie (mtaa), wazee wakasema apewe kitu kidogo cha miguu yake, yaishe. Mume wangu mpaka leo akikumbuka anakasirika. Andika wazi kartie gani, mpaka lini, na kwamba nyumba ya ndugu haimo.

Kijana wa Himbi (Goma)
Mimi nitamtetea komisionere mmoja. Huku kwetu ukiita mmoja, anaita mwenzake, naye anaita mwenzake. Ukifika kwenye parseli (kiwanja) unakuta kundi zima limesimama, kila mtu anataka mkono wake. Tulipoandikiana, wangu ndiye aliyegawana na wenzake kutoka fungu lake. Bei yangu haikuguswa. Ila tuliongeza mstari: asipokee kitu kwa muuzaji bila kuniambia. Anayekula pande zote mbili atakusukuma kwa bayere (mwenye kiwanja) anayempa zaidi, si kwenye parseli nzuri.

Dada Ruashi
Kaka yangu yuko Dallas. Kule Marekani, tangu tarehe 17 Agosti 2024, ajenti anayetumia mifumo yao ya pamoja ya matangazo ya nyumba lazima aandikiane na mnunuzi kabla hawajaingia kutazama nyumba. Malipo yanatajwa wazi, na ajenti haruhusiwi kupokea zaidi ya hayo, hata yakitoka kwa muuzaji. Lakini hakuna anayelazimishwa kujifunga kwa ajenti mmoja tu. Ajenti wa kaka alitaka miezi sita, wakajadiliana, ikashuka.

Komisionere mwenyewe (Lubumbashi)
Na sisi mtusikie. Ninakuonyesha lupango asubuhi, jioni unarudi kwa mlango wa nyuma unaelewana na bayere. Ndiyo sababu ya karatasi. Mimi siku hizi natumia daftari: kila lupango niliyokuonyesha unasaini mbele yake, na tarehe. Hiyo ukiinunua, unanilipa. Ile sijakuonyesha, hainihusu.

Kijana wa Himbi
Daftari hilo zuri kuliko karatasi zote. Wenzako wote wangefanya hivyo!

Mzee wa Bel-Air
Msisaini mkifikiri ni karatasi tu. Kifungu cha 33 cha dekreti ya 30 Julai 1888, ile ya mikataba, kinasema makubaliano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa walioyafunga. Halafu mnasahau kubwa: malipo yafuate sertifika, ile hati ya ardhi. Tangu sheria ya 1973 udongo ni wa Serikali; wewe unanunua haki iliyoandikwa kwa konservatere, afisa wa Serikali anayeandikisha ardhi. Komisionere akilipwa kabla hujaenda kuhakikisha jina na namba pale, haraka ya kukusaidia itamtoka.

Mwana wa Katuba
Aksanti sana. Nimerudi kwake. Mwaka umekuwa miezi miwili, Kampemba peke yake, na atalipwa nikishahakikisha sertifika. Daftari amekubali, tena amecheka. Mstari wa ndugu ndio tunavutana: anasema kila mnunuzi akipata lupango, bayere anageuka kuwa mjomba. Mama wa Kadutu, kwenu mngeuandika namna gani?

Mama wa Kadutu
Taja majina ya ndugu wenye parseli sasa hivi, kabla ya kusaini. Atakayezaliwa mjomba baadaye, umlipe komisionere wako.