Mama ana kansa ya titi, ndugu wanataka aache kemo anywe juisi ya majani, naombeni msaada

binti_wa_uyole
Mugonile ndugu zangu, na wa Iringa kamwene. Mama yangu ana miaka 58, alikutwa na kansa ya titi mwezi wa tatu, wakampasua, sasa hivi yuko kwenye dripu za kemo, zile dawa kali za kuua kansa, kashaenda mara mbili bado mara nne. Baada ya ile ya pili alilala siku tatu, mdomo ukatoka vidonda, nywele zinabaki kwenye mto. Basi baba mdogo kaja kutoka Tukuyu anasema dawa za hospitali ndo zinammaliza, eti kansa inakula sukari kwahiyo ugali, wali, viazi, ndizi vyote marufuku, anywe juisi ya majani mabichi tu, jagi tatu kwa siku, mnafu, mchicha, figiri, vinasagwa kwenye brenda na malimao. Leo wiki ya pili. Jana nimemkuta kakaa kibarazani kashika kikombe, povu la kijani limemkaukia pembeni ya mdomo, ananiambia mwanangu nasikia njaa. Nilishindwa kumjibu nikaingia ndani kulia. Kemo ni Jumatatu na baba mdogo anasema asiende. Siwezi kumjibu vibaya, yeye ndo katulea baba alipofariki. Sasa nauliza, majani yanaua kansa kweli? Mbona kila mtu anasema mboga za kijani zinapambana na kansa, ina maana wanatudanganya?

mkulima_igurusi
Pole sana dada. Mi sitambeza baba mdogo, shangazi yangu alikuwa na uvimbe akatumia majani miezi minne na ukapungua kabisa, tuliona kwa macho. Mjaribishieni kwanza, kemo inaua watu.

nesi_mstaafu_iringa
Mkulima, huo uvimbe wa shangazi ulikatwa kipande kikapimwa maabara kikaonekana ni kansa? Vivimbe vingi vya titi sio kansa na vingine huja na kupotea vyenyewe, na mtu akiwa anakunywa majani kipindi hicho majani ndo yanapewa sifa. Nakuuliza kwa wema maana nimeshaona akina mama wanarudi wodini baada ya miezi sita ya majani, titi limepasuka linatoa usaha, na walipokuja mara ya kwanza uvimbe ulikuwa mdogo wa kutolewa.

Binti, ugali mama ale leo hii hii, usisubiri kesho. Hilo la sukari limewapoteza wengi. Kila seli ya mwili inatumia sukari, ya moyo, ya ubongo, ya kansa pia, ila ukimnyima mama chakula ini lake litatengeneza sukari lenyewe kwa kuyeyusha misuli yake, kwahiyo kansa haifi njaa, anakonda mama. Na mgonjwa akikonda sana kemo inamshinda, inabidi dozi ipunguzwe au isogezwe mbele. Mpe uji uliotiwa karanga na maziwa, mayai, maharage yaliyoiva yakalainika, ndizi za kupika, samaki. Malimao acha kabisa mpaka vidonda vya mdomo vipone, yanamchoma bure, asukutue na maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku.

Majani mabichi nayo nina hofu nayo kubwa kwa huyu mgonjwa. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili, na yale majani yamemwagiliwa maji ya mtoni, yamewekwa chini sokoni, vijidudu ambavyo wewe havikufanyi kitu yeye vinaweza kumlaza. Akipata homa ya 38 kwenda juu mpelekeni hospitali hata kama ni saa nane usiku. Halafu mchicha mbichi una oksaleti nyingi, kitu kinachoweza kuganda kwenye figo, jagi kwa jagi kila siku figo zinaweza kuumia. Na mnafu bibi zetu walikuwa wanauchemsha kwa sababu, hakuna aliyeunywa mbichi.

Umeuliza kama tunadanganywa. Hapana, ila kuna maneno mawili yanachanganywa, kinga na tiba. Mtu mzima anayekula mboga na matunda kila siku (Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400) anajisaidia kupunguza hatari, na kwa nyuzinyuzi ushahidi mzuri uko kwenye utumbo mpana, maana zinaharakisha choo na uchafu haukai muda mrefu. Kabichi, sukuma wiki, chainizi na figiri zina kitu kinaitwa glukosinoleti, ule ukali unaousikia puani ukitafuna figiri mbichi unatokana nacho, na maabara wameona kinasaidia seli kujisafisha sumu. Lakini maabara ni kwenye kisahani, sio kwenye titi la mama. Na kinga yenyewe inapunguza hatari tu, haiifuti, ndo maana hata wala mboga wanaugua. Mama yako hakuugua kwa kosa la sahani yake, mwambie hivyo maana wengi wanajilaumu.

Na tusidhani zaidi ndo bora. Finland waliwachukua wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, karibu nusu yao wakawapa vidonge vya beta karotini, ile iliyomo kwenye karoti na majani ya kijani, wakitegemea kansa ya mapafu ipungue. Majibu yalipotoka mwaka 1994 waliomeza vidonge hivyo ndo walipata kansa ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Chakula ni kitu kimoja, dozi kubwa ya kilichokamuliwa kwenye chakula ni kitu kingine.

Baba mdogo mwambie hivi, kwa heshima, kwamba hata hospitali wanatumia miti. Paklitakseli, dawa wanayopewa wagonjwa wengi wa kansa ya titi, ilipatikana kwenye gome la mti wa Marekani. Vinkristini ya kansa ya damu inatoka kwenye lile ua la vinka tunalopanda mbele ya nyumba. Ila imechujwa, imepimwa kwa miligramu, na mama anapimwa damu kabla ya kila dripu. Ua hilo hilo ukilichemsha nyumbani ni sumu.

mama_wa_ilula
Nakazia hapo. Mi nalima mboga na nyanya, wenzetu wengine wanapiga dawa ya wadudu jioni asubuhi wanavuna, hawasubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa, kwahiyo binti osha kwa maji yanayotiririka jani moja moja. Majani ya maboga menya nyuzi zote zile zinakwaruza mdomo wenye vidonda, katakata, chemsha na maji kidogo tu na yale maji usimwage vitamini zimo humo, kisha weka karanga iliyosagwa, na uzichambue hizo karanga, yenye ukungu tupa, zile ndo zinaleta kansa ya ini. Ziive mpaka zilainike zipite kooni bila kutafunwa. Mama yangu mkwe alikuwa anakula hizo tu wakati wa kemo.

mkulima_igurusi
Nesi umenijibu. Kusema kweli uvimbe wa shangazi haukupimwa. Binti nisamehe, mpeleke mama.

binti_wa_uyole
Asanteni mno. Nimemsomea baba mdogo maneno ya nesi taratibu, nikaanzia hapo kwenye gome la mti. Alinyamaza muda mrefu kisha akauliza, hao wanaompima damu naweza kuongea nao mwenyewe? Nikamwambia Jumatatu twende wote. Kakubali, anasema atamuuliza daktari kuhusu mnafu. Jana usiku nimepika majani ya maboga kama alivyoelekeza mama wa Ilula, na ugali laini. Mama kala nusu sahani, akaniomba nimwongezee mchuzi.