TEW 2016: kampuni ndogo zinakufa zote kabla mwaka haujaisha, nazibalansije?

mgosi_makorora
Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga hapa, nacheza Total Extreme Wrestling ile ya 2016 kwenye laptop. Kwa asiyeijua, hili sio gemu la kubonyeza ili mtu apigwe, we ndo bosi, unaajiri wanamieleka, unapanga nani apigane na nani na nani ashinde, unalipa watu, kila kitu maandishi na namba tu. Sasa ramani yake Afrika haimo kabisa, kuna kina Marekani, Japani, Ulaya na visiwa vya Uingereza, kwahiyo nikaingia kwenye edita, ile sehemu ya kubadilisha data za gemu, nikatengeneza kampuni tano ndogo nikazipeleka huko Uingereza, moja Scotland, moja Wales, tatu England, na wanamieleka wake nimewatoa kwa washkaji wa mtaani tuliokuwa tunaangalia nao mieleka kibanda umiza enzi za kina Undertaker na Rey Mysterio. Nilitaka zishindane zenyewe kwa zenyewe kama ligi.

Shida zinakufa. Nimeanza upya mara nne na kila nikifika mwezi wa nane wa tisa hivi tatu zishafilisika na mbili zilizobaki kampuni kubwa ishabeba watu wote wa maana. Nimezijazia hela, zikachelewa tu kufa. Hata ile ninayoiongoza mwenyewe nilimleta staa mmoja mwenye jina, shoo ya kwanza ikatoka na gredi safi nikafurahi kweli, ya pili hela ya kumlipa sina. Nazibalansi vipi hizi jamani, zimenichukua wiki tatu kuziandika na sitaki kuzifuta.

dau_la_bwagamoyo
Mgosi pole, na hongera kwa kazi, edita ile inataka subira. Nikuulize kitu kimoja, hizo kampuni umezipa umaarufu gredi gani, na wanamieleka wake gredi gani? Kwa wageni, gredi ni kama za shule, A juu F chini.

mgosi_makorora
Kampuni zote D maana niliona E ni kama kuziua. Wanamieleka wengi E, wachache E+. Uwezo wao ulingoni ndo nimewapa vizuri, wengine wako C+ mpaka B.

dau_la_bwagamoyo
Basi ugonjwa ni huo huo, hela haihusiki. Gemu kila baada ya shoo inalinganisha gredi ya shoo na umaarufu wa kampuni pale mkoani, shoo ikiwa juu kampuni inapanda, ikiwa chini inashuka. Kampuni yako inajulikana kwa D halafu watu wake hawajulikani, wanaleta shoo ya E+, kwahiyo kila wakifanya shoo wanajiangusha wenyewe, watazamaji wanapungua, wadhamini wanapunguza mkono, halafu ndo hela inaisha. We ukiongeza hela unatibu homa na malaria umeiacha ndani. Zishushe kampuni zote ziwe sawa na watu wake au chini yao kidogo, usiogope ile E, kampuni inayoanzia chini ina pa kupandia.

La pili angalia prodakti uliyowapa, yaani aina ya mieleka ambayo kampuni inauza. Kuna prodakti zinazopima pambano zaidi kwa jina la mtu na kuna zinazopima kwa anachokifanya ulingoni. Ukiwa na vijana wa B wasiojulikana halafu umewaweka kwenye prodakti ya majina, hata wapigane kama simba watapata gredi ya jina lao. Wape ya uwezo. Na shoo iwe fupi, mapambano matano yanatosha, la mwisho wape wawili wenye pumzi maana ndo linalobeba gredi ya shoo kuliko mengine yote. Mwenye stamina ndogo ukimpa dakika 25 anaharibu mwenyewe.

Huyo staa usimfukuze ila usimlete kila shoo. Mlete mara moja, apigwe na kijana wako, umaarufu ubaki kwa kijana, aende zake. Nikiona mtu anamlipa staa aje awapige vijana wa nyumbani naumia kabisa.

kimanumanu88
Dau kaongea vizuri ila la kubebewa watu hajaligusa, na mimi hilo ndo naliona kubwa. Kampuni ndogo inalipa kwa shoo, mtu hafungwi, kubwa inakuja na mkataba wa maandishi inamchukua moja kwa moja. Hapo gemu haijakosea, mieleka yenyewe ndo ilivyokwenda. Kule Marekani toka NWA, ule umoja wa mapromota, iundwe 1948 kila promota alikuwa na eneo lake na mwenzie haingii, halafu bingwa mmoja anazunguka na mkanda eneo hadi eneo, anapigana na mtu wa pale anamuacha mwenyeji amekuwa mkubwa zaidi. Ndo balansi yao ilikuwa hiyo. Vince McMahon alipoinunua kampuni ya baba yake 1982, hii ambayo leo ni WWE, akavuka mipaka, akachukua mastaa wa kila eneo, kampuni ya Stampede ya Calgary kule Kanada ikauzwa kwake 1984, wengine wakafuata. ECW nayo, kampuni ndogo ya Philadelphia, ilihangaika hivyo hivyo, inamkuza mtu anabebwa, mpaka 2001 ikafunga.

Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa hili. Coastal Union yetu ya mpira ilibeba ubingwa wa nchi 1988, leo kijana aking'ara Mkwakwani unaanza kuhesabu siku za kubebwa. Mwamnyeto 2020 si alikwenda Yanga? Lakini Coastal ipo mpaka leo kwasababu nyuma kuna mwingine anakuja.

Kwahiyo fanya hivi, ziunganishe zote tano kwenye alayansi moja, yaani umoja wa kampuni, edita inaruhusu, na uweke mkanda mmoja wa pamoja. Halafu kila kampuni mpe mtu mmoja au wawili uwawekee uaminifu kwa kampuni yao, wasiwe wengi, ukiwafunga wote dunia yako inakuwa imekufa haisogei. Waliobaki acha wabebwe ila tengeneza vijana wengine wa miaka 18, 19 wasio na kampuni wawepo pembeni wa kujaza nafasi.

mgosi_makorora
Aisee. Hili la mkanda wa kuzunguka sikuwahi kulifikiria kabisa. Narudi.

mgosi_makorora
Nimerudi wakuu, siku ya tatu leo. Nimeshusha zote E, prodakti nimebadilisha, alayansi ipo. Nimeiendesha dunia mpaka mwezi wa kumi na moja na nne ziko hai, ya Wales ndo imefilisika mwezi wa saba na nimeangalia nikakuta ina wanamieleka 31 kwa shoo ya watazamaji mia na kitu, hiyo kosa langu niliwajaza. Wawili wamebebwa, mmoja wao ndo yule niliyemtengeneza kwa rafiki yangu wa darasa la tano, roho imeniuma lakini nimemuona kwenye shoo kubwa anapigana la pili toka mwisho.

Ya Wales niirudishe na watu kumi na wawili au niiache dunia iendelee hivyo?

kimanumanu88
Irudishe. Kumi na wawili, na bingwa wa alayansi aanzie hukohuko.