Mchana kazini, jioni kwenye pikipiki: kazi yako imekupa nini? Tupeane uzoefu (Mwanza na kando ya ziwa)

Mhasibu wa Nyegezi (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Ukikaa na wapenda pikipiki wa mji huu utakuta mmoja nesi, mwingine mshona viti, mwingine fundi wa mashine za boti. Wachache sana wanaishi kwa pikipiki. Ila kila mmoja ana kitu cha kazini ambacho fundi wa kona hana. Uzi huu ni wa vitu hivyo. Hadithi za "nilivyonusurika Usagara" zina uzi wake. Hapa leta kitu ambacho mtu atakifanya jioni hii hii, na vipimo vyake.

Naanza na hesabu, ndiyo kazi yangu. Ulaji wa mafuta haupimwi kwa "ya elfu kumi nimefika wapi", kwa sababu bei inapanda na kushuka. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, jaza mpaka chini ya shingo ya tenki, andika kilomita. Endesha angalau kilomita 150, kisha jaza tena mpaka alama ile ile. Kilomita 212 gawanya kwa lita 4.7 ni 45.1 kwa lita. Fanya mara tatu ndipo uamini. Wastani ukishuka kwa zaidi ya asilimia 10 na njia ni ile ile, anza na vitu visivyo na gharama: inua gurudumu ulizungushe kwa mkono uone kama breki inashika, pima upepo, angalia choki kama inarudi yote, kisha filta ya hewa. Kabureta iwe ya mwisho. Wengi huanza nayo na hapo ndipo pesa inapopotea.

Fundi Mashine, Mwaloni Kirumba
Mkuu umesema vema. Mimi naongelea oili ya tustroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli), maana hapa ziwani kuna kosa linarudiwa kila siku. Mtu ana pikipiki ya Yamaha DT 125 ya zamani, anapita dukani kwetu, anaona oili ya mashine za boti iko rahisi na ipo kila kona, anabeba.

Soma kopo. Ya boti imeandikwa TC-W3. Hiyo imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, na haina viungo vinavyoacha majivu. Injini inayopozwa na upepo ina joto kubwa zaidi kwenye silinda, na inahitaji oili yenye viungo vya kusafisha kwenye joto hilo. Tafuta kopo lenye alama ya viwango vya Japani, JASO, daraja la FC au FD. Ukiendelea na TC-W3, masizi yanajaa kwenye mifereji ya ringi, ringi inaganda, kompresheni inashuka, halafu unaambiwa "piga bori" (panua silinda) wakati tatizo lilikuwa kwenye kopo. Kinyume chake pia ni kosa: oili ya pikipiki kwenye mashine ya boti inaacha majivu kwenye chemba.

Vipimo vya kuchanganya: 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa lita, yaani 100 kwa lita 5 na 200 kwa lita 10. Tumia sirinji au chupa yenye alama. Kifuniko cha kopo siyo kipimo. Kama DT yako ina pampu yake ya oili na inafanya kazi, usichanganye kwenye tenki. Ila kama tenki la oili liliwahi kukauka, pampu imeingia hewa. Fungua skrubu ya kutolea hewa pale kwenye pampu mpaka oili itoke bila mapovu, funga, na tenki la kwanza endesha na mchanganyiko wa 50 kwa 1 kwa usalama.

La pili ni maji kwenye petroli. Dumu lililokaa nusu kwa wiki kadhaa kwenye unyevu wa ziwa linajikusanyia maji chini. Pikipiki inawaka, inakwenda mita 200, inakohoa, inazima. Usianze kufungua kabureta lote. Weka chupa ya plastiki nyeupe chini ya bakuli la kabureta, legeza skrubu ya kumwagia, toa kama mililita 30. Iache itulie dakika mbili. Maji yanakaa chini kama shanga, petroli juu. Ukiyaona, toa mafuta yote ya tenki pia, maana usipofanya hivyo kesho utarudi pale pale. Mafuta ya dumu yaache yatulie usiku kucha, kisha vuta kwa mpira ukiacha sentimita 3 za chini.

Mdau wa Igoma
Fundi, na wale wanaoweka oili ya gari kwenye Boxer?

Fundi Mashine, Mwaloni Kirumba
Hiyo ni fostroki, oili yake haichanganywi na petroli, ni habari nyingine. Klachi ya Boxer inaoga kwenye oili ile ile ya injini. Oili nyingi za gari za siku hizi zina viungo vya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki, hasa ukipanda kilima. Kopo liwe na JASO MA au MA2. MB ni ya skuta.

Nesi wa Zamu
Naandika haraka, naingia kazini.

Kuungua na silensa, ndani ya muundi: maji safi yanayotiririka dakika 20, ya kawaida, siyo barafu. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta ya kula, hakuna unga. Vua kiatu na soksi mapema kabla mguu haujavimba. Funika kwa kitambaa safi. Malengelenge yakizidi ukubwa wa kiganja chako, au yakiwa kwenye kiungo, nenda hospitali.

Mtu kaanguka amevaa helmeti: kama anapumua, mwacheni nayo na msimnyanyue kichwa. Inatolewa tu akishindwa kupumua au anatapika na njia ya hewa inaziba, na ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika shingo na taya zisicheze, mwingine anafungua mkanda, anatanua pande zote mbili kwa mikono na kuivuta taratibu. Damu nyingi: kandamiza kwa kitambaa dakika 10 ukitazama saa, bila kufunua kuchungulia. Kila ukifunua unaanza upya.

Chini ya siti weka glovu jozi mbili, bandeji mbili za sentimita 10, gozi na mkasi, ndani ya mfuko usioingiza maji.

Mchomeleaji, Mabatini
Dada nesi ametisha. Mimi nina mambo matatu.

Kabla hujaniletea pikipiki nichomelee, chomoa betri, hasi kwanza. Chomoa na soketi ya CDI (kisanduku cha cheche za plagi) na ya rektifaya (kidhibiti cha chaji ya betri). Halafu angalia fundi anaweka wapi klampu ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine. Iwe karibu na anapochomelea, kwenye chuma kilichosuguliwa rangi. Akiibana kwenye injini au kwenye gurudumu huku anachomelea fremu, umeme unapita kwenye beringi, unaacha vishimo vidogo. Beringi itaanza kulia baada ya mwezi na hakuna atakayekumbuka sababu.

Bomba za fremu ni nyembamba. Tumia waya wa kuchomelea wa milimita 2.0 kwa ampia 40 hadi 55, choma sentimita moja, hamia upande wa pili, rudi. Kwa bati nene la milimita 3 tumia 2.5 kwa ampia 70 hadi 80. Anayechoma fremu mfululizo kwa moto mkali anaipinda, na pikipiki itavuta upande mmoja hata ubadilishe matairi.

Keria: miguu yake ifike kwenye bolti za juu za shokapu, isiishie kwenye mudgadi. Mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma. Kreti la samaki likining'inia nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza kuanzia mwendo mdogo tu. Na tenki la mafuta msiniletee. Kujaza maji kunapunguza mvuke, hakuumalizi. Tundu dogo lisugue mpaka chuma king'ae, kausha kabisa, paka gundi ya chuma ya makopo mawili, acha saa 24.

Fundi Simu, Makoroboi
Upande wa waya.

Pikipiki nyingi za mtindo wa Honda CG zinalisha hedilaiti moja kwa moja kutoka kwenye koili, umeme wa AC. Ndiyo maana taa inafifia ukiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kuvuta mafuta. Ukifunga LED hapo inapepesa kisha inakufa. Weka mita kwenye AC, pima waya wa taa injini ikiwaka. Ikisoma volti kadhaa, LED yako ichukue umeme kwenye betri, kupitia rilei na fyuzi ya ampia 5.

Betri iliyopumzika isome 12.6 hadi 12.8. Ukivuta mafuta isome 13.5 hadi 14.5. Ikipita 15, rektifaya imekufa na betri inachemka. Taa mbili za spoti za wati 20 ni wati 40, karibu ampia 3.3. Betri ya Ah 5 (ampia 5 kwa saa moja) bila chaji ya kutosha haifiki saa moja na nusu.

Viungo vya waya vibaneni kwa vishikizo na koleo lake. Solda kwenye kitu kinachotetemeka inaugumisha waya, unakatika pale solda inapoishia, ndani ya mpira, huuoni.

Na simu kwenye usukani kwa ramani: mtetemo unaua kamera zenye kifaa cha kutuliza picha. Apple wenyewe walitoa onyo mwaka 2021. Kila wiki inakuja simu yenye picha zinazotetemeka na mwenyewe anakataa kwamba ni pikipiki.

Mwalimu wa Fizikia
Hesabu fupi. Kwa km 60 kwa saa unasafiri mita 17 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo unayotumia kushtuka. Ukifunga breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu unahitaji mita 20 nyingine. Jumla 37. Kwa km 80 jumla ni 58. Kwenye changarawe mshiko ni kama nusu, kwa hiyo km 60 inakula mita 57. Sasa, anayekanyaga breki ya nyuma peke yake kwenye lami anapata karibu nusu ya nguvu ya kusimama, yaani amejipeleka changarawe mwenyewe. Hapa mjini ni wengi mno.

Mshona Viti, Kirumba
Sponji ngumu sentimita 3 chini, laini sentimita 2 juu. Juu ya sponji tandika nailoni kabla ya leksini (ngozi ya bandia ya kufunikia siti). Mshono usipite pale unapokalia, maji yataingia kwenye matundu ya sindano na sponji haitakauka mpaka kiangazi. Anika leksini juani nusu saa ndipo uivute: kwanza mbele na nyuma katikati, halafu pande. Pini za milimita 6 kwa siti ya plastiki. Za 8 zinatokeza juu, na abiria wako ndiye atakayezigundua.

Mtu wa Lethi
Plagi: izungushe kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo spana. Mpya ongeza nusu mzunguko. Iliyotumika, kidogo sana, robo haifiki. Hedi (kifuniko cha silinda) ni ya alumini. Nusu ya kazi yangu ni nyuzi za tundu la plagi zilizoharibiwa na spana ndefu.

Mdau wa Igoma
Naomba la mwisho. Naenda Sengerema kwa kivuko cha Kamanga na pikipiki mbili. Zifungwe vipi?

Baharia wa Kivuko
Usitumie stendi ya kati, chombo kikiyumba inaruka. Stendi ya pembeni, gia ya kwanza, breki ya mbele ifungwe kwa mpira wa tyubu. Kamba ishike pale usukani unapobanwa juu ya shokapu, isishike mpini wala kioo, na ivutwe chini pande zote mbili mpaka shokapu zishuke kama nusu. Zilaze upande mmoja zote mbili, na tambara katikati. Funga koki ya mafuta kabla hujashuka kwenye pikipiki: sindano ya kabureta ikiwa imechoka, petroli inamwagika sakafuni katikati ya injini za moto, na hapo tutakufuata wewe.