Nauza karavani yangu Tengeru bila dalali, nianzie wapi?

Babu wa Tengeru
Habari za jioni wanajukwaa. Nina karavani ya kuvutwa na gari, ya Kiingereza: vitanda viwili, jiko la gesi, sinki na friji. Ilipitia bandari ya Dar, ushuru ukalipwa, ina namba yake ya T na kadi ina jina langu. Mimi na mama watoto tulikuwa tunaivuta kwa Prado mpaka Lushoto na Pangani. Sasa magoti yanamsumbua, hatutoki tena, na sipendi kuiona inaozea uani.

Madalali wamekuja. Kila mmoja anataka nimtajie bei yangu, yeye aweke cha juu, na mnunuzi nisimwone. Hapana. Nataka mtu wa huku huku, Usa River, Njiro, hata Moshi, nimwoneshe mwenyewe kila droo.

Kinachoninyima raha ni kona ya nyuma. Chini ya dirisha ukibonyeza kwa dole gumba, ukuta unabonyea, na kuna doa la kahawia lenye harufu ya ukungu. Masika yaliyopita ndiyo yalifanya hivyo. Nilifikiria milioni 12. Nitengeneze kwanza, au niuze ilivyo na kusema ukweli?

Fundi Bodi, Majengo Moshi
Shikamoo mzee. Sema, na asikudanganye mtu upake rangi juu ya doa.

Ukuta wa hizi karavani nje ni bati la alumini, katikati fremu ya mbao na sponji, ndani plaiwudi nyembamba. Maji mara nyingi hayaingilii pale penye doa. Yanaingilia juu, kwenye maungio ya paa na ukuta, yanafuata mbao na kujitokeza chini. Ukibadilisha plaiwudi ya chini peke yake, masika yajayo doa linarudi. Ziba maungio ya juu sasa, kazi ndogo hiyo. Ukuta mwachie mnunuzi, umpunguzie bei.

Angalia na tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Karavani iliyokaa huwa na meno mazuri kabisa huku ubavu umepasuka nyufa, na ikivutwa na mzigo kutoka Tengeru mpaka Moshi inaweza kupasuka njiani.

Mama Njiro
Baba, hiyo ya Kiingereza mlango uko kushoto? Niliwahi kuangalia ya Kijerumani, mlango kulia, ukiegesha kando ya barabara zetu unashukia kwenye magari. Nina wajukuu, siwezi.

Babu wa Tengeru
Uko kushoto mama, unashukia majanini.

Mama Njiro
Basi nitakuja kuiangalia. Friji ninaomba nilikute linafanya kazi.

Dereva Mstaafu, Sakina
Mzee mwenzangu, hapo kwenye friji sikiliza. Hayo ya gesi, betri na umeme hayana kompresa, na karavani ikiinama hayapoozi vizuri. Weka pimamaji sakafuni, isawazishe kwa ubao chini ya tairi na kwa gurudumu dogo la mbele mpaka ikae sawa, ndipo ushushe miguu ya pembeni iishikilie tu, uwashe friji usiku wa kuamkia siku ya mgeni. Yanachukua saa nyingi kupata baridi. Watu wameacha friji zima wakidhani limekufa.

Kuhusu karatasi: andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nyote muwe na TIN, halafu jina libadilishwe TRA. Usimkabidhi mtu kadi kwa ahadi ya "nitabadilisha mwezi ujao". Ikileta ajali, namba inasoma jina lako. Na meseji ya benki kwenye simu ya mnunuzi siyo hela. Piga benki yako, uhakikishe imeingia kwenye akaunti, ndipo utoe ufunguo.

Babu wa Tengeru
Asanteni sana. Kijana wangu atapanda juu kesho kuziba maungio. Tairi nimezichungulia, zina nyufa, nanunua mbili mpya kabla haijatoka hapa, siwezi kumpa mtu mwenye wajukuu kitu cha hivyo. Bei nimeishusha, milioni 10, na doa litabaki wazi alione. Mama Njiro, karibu Jumamosi asubuhi. Kama una fundi wako, njoo naye aibonyeze hiyo kona mwenyewe. Friji nitaliwasha Ijumaa jioni.