Kikundi: Nyumbani kwa Nyanya

Grace: Familia hamjambo. Jumamosi tarehe 20 Nyanya anatimiza miaka 80. Kila nyumba 1,500, nitumieni kwa M-Pesa. Jioni tunamwekea Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha KBC, ukutani, sote tukae chini kama zamani. Nani ana projekta?

Grace: Mmesoma wote. Projekta jamani?

Baraka: Mimi naomba Vioja Mahakamani, kile kichekesho cha kesi. Ondiek Nyuka Kwota akipanda kizimbani, Babu chai inampolea mkononi 😂

Mshila: Makokha aachiliwe kwanza!

Grace: Makokha baadaye. Projekta.

Mama Neema: Mnaikumbuka ile runinga yetu ya Great Wall, nyeusi na nyeupe? Babu anarudi sokoni na betri ya gari kwenye karia ya baiskeli, imechajiwa, na watoto wa kijiji kizima wako nyuma yake. Halafu Ojwang wa Vitimbi anamwita mkewe Mama Kayai, tunacheka, na picha inaanza kusinyaa kutoka pembeni. Inasinyaa, inasinyaa, mpaka kunabaki kidoa cheupe katikati ya kioo. Betri kwisha! Ugomvi wake alivyoumaliza na Mama Kayai tunausikia kesho yake, kwa jirani.

Mshila: Na mimi niko nje nimeshika mlingoti wa antena. "Geuza! Hapo hapo! Aaa, umepitisha!"

Baraka: Mshila Vitimbi aliangalia kwa masikio 😂😂

Mama Neema: Julai 2015, aliyeigiza Mzee Ojwang alipofariki, Nyanya alinipigia usiku. Nikamwambia ndiyo, ni kweli, Benson Wanjau ametuacha. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akakata simu.

Grace: Ndiyo maana nataka tumfanyie hili. Tumekusanya 4,500 tu. Hema peke yake halitoshi.

Baraka: Tukiipata ile Great Wall yenyewe je? Tuiweke mezani tu, aione. Kuonyesha haitaonyesha bila king'amuzi, analogi ilizimwa 2015.

Shangazi Damaris: Tuipate wapi? Nilirudi likizo kutoka bweni nikakuta meza tupu na kitambaa kimekunjwa. Eliud ndiye aliyeibeba. Mpaka leo hajatuambia aliipeleka wapi.

Mshila: Kesi imefika mahakamani sasa 🙈

Grace: Shangazi, nakuomba, si leo.

Shangazi Damaris: Ni lini basi? Kila nikiuliza ni si leo. Na yeye yumo humu, anasoma.

Baraka: Niko na Nyanya hapa, nilikuwa namsomea. Ameniambia niandike hivi hivi anavyosema:

Baraka: "Damaris, runinga niliiuza mimi. Eliud nilimtuma. Baba yenu alikuwa anaumwa na hela ya dawa hatukuwa nayo, na hakutaka mtoto aliye shule ajue. Eliud nilimwapisha anyamaze. Amenyamaza. Maneno hayo yaishe."

Mama Neema: 🙏🏾

Shangazi Damaris: Mama nimesikia. Eliud, shika simu, nakupigia.

Shangazi Damaris: Eliud.

Binamu Josi: Habari zenu, nilikuwa kazini. Tarehe ngapi? Na nyama ni ya mbuzi au kuku?

Grace: Josi, soma juu. Tarehe 20. Wewe na Mshila hamjatuma.

Mshila: Ijumaa nikilipwa.

Grace: Baraka, muulize Nyanya, Vitimbi tumwekee au tusimwekee?

Baraka: Anasema mje kwanza.

Grace: Hilo si jibu, mimi natakiwa nipange viti. Anko Eliud, projekta ya kanisani kwenu tunaweza kuazima?

Anko Eliud: Niko kwenye simu na Damaris.

Grace: Sawa Anko. Ukimaliza uniambie. Wengine, 1,500 kabla ya Jumatano tafadhali.